Daftari Linasema Utoro

Takwimu za elimu za Tanzania zina jedwali moja la wanafunzi wa sekondari walioacha shule, na kila mwaka sababu inayoongoza humo ni ile ile: utoro. Inaziacha mbali mimba, ugonjwa na vifo. Ukilitazama jedwali hilo kwa utulivu unaiona kasoro yake. Ugonjwa ni sababu, mimba nayo ni sababu. Utoro ni jina la kitendo chenyewe. Ni sawa na mtu kuulizwa kwa nini kumenyesha, akajibu ni kwa sababu ya mvua.

Ukimbana mzazi au mwalimu wa nidhamu aeleze zaidi, utapewa neno la pili: makundi. "Alikuwa mzuri tu, akafuata makundi." Rafiki mbaya ndiye mshtakiwa wa kudumu wa nchi hii, na uzuri wake ni kwamba hana wakili. Hatusemi makundi hayapo. Yapo, na kwa kijana wa miaka 14 yana nguvu kuliko sauti ya baba. Lakini kila kundi lina mahali linapokutana, lina saa ya kukutana, na kila aliyemo ana sababu ya kujikuta pale saa ile. Mambo hayo matatu yamo kwenye daftari la mahudhurio, na mwalimu anayelifunga kila Ijumaa anaweza kuyaona akikaa nalo nusu saa.

Nusu saa na daftari

Anza na kidato cha pili. Ugeni wa kidato cha kwanza umekwisha na kidato cha nne kinaonekana kiko mbali, kwa hiyo ndipo wengi wanapoanza kulegea. Chukua miezi mitatu iliyopita. Kwenye karatasi kubwa chora safu tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha andika majina ya wale tu waliokosa siku tano au zaidi. Hamisha siku walizokosa, ukiandika tarehe ndani ya safu ya siku yake. Sababu usiandike kwanza. Ukianza na sababu utaandika unayoyajua tayari juu ya mtoto na familia yake, na karatasi haitakuambia kitu kipya.

Ukimaliza, maumbo yataanza kujitokeza. Kuna jina ambalo tarehe zake zote zimelala Jumatatu na Ijumaa. Huyo mara nyingi amepanga geto, yaani chumba cha kujitegemea, karibu na shule: Ijumaa anawahi kwao kufuata unga, Jumatatu anachelewa kurudi kwa sababu unga ulikuwa haujasagwa au nauli haikupatikana. Kuna jina linalokosa siku moja ile ile kila wiki. Uliza mnada au gulio la tarafa ni siku gani, na jibu utakuwa nalo: anauza, anabeba mizigo, au anabaki na wadogo zake ili mama akauze. Kuna msichana anayekosa siku tatu au nne mfululizo, anarudi, na baada ya wiki kama nne inatokea tena. Jina hilo lisisomwe ofisini mbele ya watu. Mpelekee matroni au mwalimu wa kike wa malezi, tena kwa mdomo.

Umbo la nne halionekani kama daftari linaitwa asubuhi tu. Ni yule anayeitika "nipo" mstarini, kisha baada ya mapumziko ya saa nne kiti kiko wazi. Ndiyo maana shule zinazoita mara moja kwa siku zina mahudhurio mazuri kuliko masomo yake. Ita tena baada ya mapumziko kwa wiki mbili tu, utashangaa.

Umbo la tano ndilo linalotisha: siku moja hapa, mbili pale, halafu wiki nzima, halafu mstari mtupu hadi mwisho wa ukurasa. Ukifika huko kijana yuko machimboni, au anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, au msichana amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Barua ya mtendaji wa kata hufika wakati huu, na ndiyo sababu mara nyingi haifanyi kazi: imefika kwa mtu aliyekwisha kuwa na bosi. Mwalimu aliyeona zile siku mojamoja za mwanzo alikuwa na majuma sita, pengine manane, ya kufanya kitu.

Barabara

Shule nyingi za kata zilizaliwa na mpango wa kupanua sekondari ulioanza 2004. Kabla yake sekondari ilikuwa jambo la wilaya. Baada yake kila kata ikajenga yake, na watoto ambao wasingeiona kamwe wakaingia darasani. Ni mafanikio makubwa, tusiyabeze. Ila kata ni kubwa, na shule iko moja.

Fanya hesabu ya mtoto anayeishi kilomita 7 kutoka shuleni. Kijana mwenye afya anatembea kilomita 5 kwa saa kwenye njia nzuri, kwa hiyo anahitaji kama saa moja na dakika 25. Shule inataka afike saa kumi na mbili na dakika 45 kwa usafi. Lazima aondoke kwao saa kumi na moja na dakika 20 alfajiri, maana yake aamke saa kumi na nusu. Wataalamu wa usingizi wanasema wenye miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Apate hizo 8 tu, ingebidi awe amelala saa mbili na nusu usiku, wakati msichana wa nyumba nyingi saa hiyo ndiyo anaosha vyombo. Ongeza na jambo la mwili wenyewe: katika balehe saa ya usingizi husogea mbele, usingizi unachelewa kuja na unachelewa kuisha. Huyu ndiye "mvivu" anayesinzia kipindi cha tatu.

Siku akichelewa dakika kumi, anakuta nini getini? Katika shule nyingi anakuta fimbo, au jembe, au vyote viwili. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kwenye kitabu. Foleni ya wachelewaji asubuhi haijui kanuni hiyo. Sasa kaa mahali pa mtoto. Yuko kilomita 2 kutoka shuleni, jua limechomoza, anajua amechelewa. Akiendelea atachapwa na kulima hadi kipindi cha pili. Akigeuza njia hachapwi leo, na kesho atasema alikuwa anaumwa. Adhabu ya kuchelewa imemfundisha kutokuja kabisa. Shule inayotaka kujua kama hilo linatokea kwake itenganishe daftari la wachelewaji na la wasiofika, kisha kwa mwezi mmoja iwaingize wachelewaji darasani moja kwa moja na kuwauliza mchana. Wasiofika wakipungua, jibu limepatikana.

Njia ya pili ya kukwepa kuchelewa ni lifti. Lifti ya bodaboda haina bei wiki ya kwanza. Wiki ya pili inakuja na chipsi, wiki ya tatu na vocha, na msichana anayetembea kilomita 14 kwa siku hahitaji kuwa na tamaa ili aikubali, anahitaji tu kuwa na miguu inayouma. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na karibu robo yao walitaja njia ya kwenda au kutoka shule. Tangu 2016 sheria inampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba. Ni kali, na inaanza kazi baada ya mimba. Kabla ya mimba kuna barabara tu, na utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kushika mimba.

Kinachosaidia ni vitu vidogo visivyopendeza kwenye hotuba. Orodhesha wanafunzi kwa kitongoji na uwaunganishe watembee pamoja, watano hadi wanane, awepo angalau mmoja wa kidato cha tatu au cha nne. Wanaotoka mbali wapangiwe usafi wa mchana badala ya asubuhi. Vipindi vya ziada vya jioni vikomee saa tisa na nusu kwa wa mbali, hata kama mtihani umekaribia, kwa sababu anayefika kwao saa moja na nusu usiku amejifunza hisabati na amepoteza vingine.

Geto nalo lina kanuni yake ya kuanguka. Wazazi wanalipa kodi ya chumba, wanaleta unga, maharage na mafuta ya taa, na wanahesabu kazi imekwisha. Wasichana watatu wanakaa chumba kimoja, mlango una komeo la waya. Chakula cha wiki mbili kinaisha siku ya tisa kwa sababu mmoja hakuletewa kabisa na wengine wamemlisha. Kuanzia siku ya kumi yeyote mwenye kilo mbili za unga ana sauti ndani ya chumba hicho. Kama geto haliepukiki, basi mzazi mmoja wa kijiji kile kile alale jirani, komeo liwe la chuma na la ndani, na chakula kikusanywe pamoja na kugawanywa kwa wiki, kila Jumapili. Mkuu wa shule awe na orodha ya mageto yote na jina la mwenye nyumba wa kila moja. Shule nyingi hazina.

Saa saba mchana, getini

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima ilipigwa marufuku, na chakula cha mchana kikabaki mikononi mwa makubaliano ya wazazi. Hesabu yake si ngumu. Makande ya kijana mmoja yanahitaji kama gramu 150 za mahindi na 50 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja anakula kilo 29 za mahindi na kilo 10 za maharage, yaani debe moja na nusu na ushei la mahindi, na nusu debe na kidogo la maharage. Shule ya wanafunzi 400 inapika kilo 60 na kilo 20 kila siku, pamoja na kuni, mpishi na chumvi.

Inapoharibika, huharibikia sehemu zinazojulikana. Wazazi wanatoa mahindi wakati wa mavuno lakini maharage wanaahidi, kwa hiyo kufikia Oktoba makande ni mahindi matupu. Magunia yanawekwa sakafuni badala ya juu ya chaga, yanavuta unyevu. Na baya kuliko yote: inatengenezwa orodha ya waliochangia.

Simama uone saa saba inavyokwenda kwenye shule yenye orodha. Kengele inalia. Wenye majina wanashika foleni na masahani. Wasio na majina hawakai darasani kuwatazama wenzao wakila. Nani angekaa? Wanatoka polepole, mikono mifukoni, wanakwenda chini ya mwembe nje ya geti. Pale kuna bodaboda wawili wanaosubiri abiria, kuna muuza karanga, kuna kijana aliyeacha shule mwaka juzi mwenye simu kubwa na mkeka wa mechi za jioni. Sheria inakataza kubeti chini ya miaka 18, mwembe haukatazi. Siku ya kwanza ni njaa tu iliyowapeleka. Wiki ya tatu wana utani wao, majina yao ya kupeana na deni la miatano miatano kati yao. Mwezi wa pili mwalimu anasema: makundi. Orodha yenyewe ndiyo iliyowatuma huko.

Hapa ndipo inafaa kujua kundi linafanya nini kichwani. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwachezesha watu 306 mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakiwa na wenzao. Watu wazima waliendesha vilevile. Wenye miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wenzao walipokuwepo. Mwaka 2011 Steinberg na wenzake walirudia na mchezo wa taa za barabarani huku ubongo ukipigwa picha, rafiki akiwa chumba cha pili akitazama tu kioo. Hata kwa kutazamwa tu, vijana wadogo walizidi kukatiza makutano bila kusimama. Kwa hiyo kijana aliyekaa watatu kwenye mshikaki wa pikipiki si kwamba hajui hatari, anaijua vizuri akiwa peke yake jikoni kwao. Semina ya kumwambia pikipiki inaua inamkuta akiwa mahali ambapo hahitaji kuambiwa.

Na kuna kosa ambalo shule hulifanya kwa nia njema kabisa. Huko Massachusetts, kuanzia 1939, wavulana wapatao 500 waliwekwa wawiliwawili wanaofanana, mmoja akapewa mshauri, masomo ya ziada na kambi za likizo, mwingine akaachwa. Mradi ulifungwa 1945. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi, na walioumia hasa ni waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Baadaye mtafiti Thomas Dishion na wenzake huko Oregon waliwarekodi wavulana wakizungumza na marafiki, wakaona kitu kidogo mno: kicheko. Wavulana ambao marafiki zao walicheka walipotaja uvunjaji wa sheria ndio walioendelea kuvunja.

Sasa wakumbuke wachelewaji kumi na wawili wanaochimba shimo la taka kwa pamoja, mwalimu wa zamu akiwa kivulini mita 40. Wanacheka. Kama adhabu lazima iwepo, kila mmoja apewe kazi yake na mtu mzima wake: huyu maktaba, huyu jikoni kwa mpishi, huyu bustani na mlinzi. Vivyo hivyo kwa mikondo. Shule inayopanga A hadi D kwa alama imejenga mkondo D kwa mikono yake, ikawapa watoto 60 chumba kimoja, walimu waliochoka na jina la vilaza, kisha inashangaa madawati yanavunjika humo tu. Changanya majina kwa kura kila Januari.

Kuhusu vilaza, neno moja. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, amefaulu, anaingia kidato cha kwanza ambapo bayolojia ni Kiingereza. Kwa miezi mingi hawezi kuuliza swali analolijua. Kunyamaza kunaonekana ni ujinga, na kijana aliyenyimwa sifa ya akili atatafuta sifa nyingine darasani, kwa kawaida ya uchekeshaji. Mwalimu anayeruhusu swali liulizwe kwa Kiswahili na kujibiwa kwa lugha zote mbili anapunguza kelele za nyuma kuliko fimbo.

Zile siku tatu au nne

Kwa msichana wa umbo la tatu, mahitaji ya siku za hedhi yanahesabika: maji ndani ya choo chenyewe, si bombani mbele ya ofisi; mlango unaofungwa kwa ndani; pipa lenye kifuniko; na taulo za akiba kwa matroni zisizoandikiwa jina. Taulo hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, maana yake angalau mara moja akiwa shuleni, kwa hiyo choo kibovu kinaharibu kazi ya taulo nzuri. Za kufuliwa zianikwe juani kabisa. Zinazofichwa chini ya godoro hazikauki na huwasha. Penye upungufu mwingi wa damu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za madini ya chuma na 2.8 za asidi ya foliki. Iulizwe zahanati ya kata.

Mzazi anajuaje

Wazazi wengi wanaamini wanajua mwenendo wa mtoto kwa sababu wanafuatilia. Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichunguza jambo hilo Sweden, wakakuta sehemu kubwa ya anachojua mzazi inatokana na mtoto kuamua kusema mwenyewe. Kuhoji na kubana vilichangia kidogo. Ukipiga kelele siku aliyosema ukweli, umefunga bomba.

Swali nalo lina namna yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesoma nini leo?"

"Kawaida."

Hapo mazungumzo yamekwisha. Mpe chakula kwanza, kaa naye akila, kisha uliza kitu chenye mahali na watu: "Leo mmerudi na nani?" au "Saa saba mlikaa wapi?" Atataja mwembe bila kujua kama ametaja kitu. Usimrukie. Kesho uliza tena nani mwingine alikuwepo. Ndani ya wiki mbili mzazi ana ramani kuliko mwalimu wa nidhamu.

Halafu kuna siku anayorudi. Amekosa siku tisa, ni Alhamisi, amesimama mlangoni kipindi kimeanza. Tangu Novemba 2021 hata msichana aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi, lakini ruhusa ya wizara inapita kwenye mlango huu huu, na darasa zima limegeuka kutazama. Mwalimu asimuulize alikokuwa. "Karibu, kaa pale pale pako." Aendelee kufundisha. Mwanafunzi mwenzake mmoja, aliyekwishaambiwa tangu juzi, ampe madaftari mawili ya kunakili leo, siyo yote tisa. Mazungumzo ya sababu yawe kesho saa nne, wakiwa wawili, wamekaa.